Siku ya 19: uchambuzi wa kisa cha mwanamke wa kilo 128 aliyeacha mazoezi mara tatu

Ana miaka 41, urefu sentimita 163, uzito kilo 128. Kazi yake ni ya kukaa mezani saa nane kwa siku. Ana presha na anameza amlodipine miligramu 5 kila asubuhi. Sukari iko sawa. Goti la kushoto linamuuma akipanda ngazi. Ndani ya miaka minne ameanza mazoezi mara tatu, na mara zote tatu hakuvuka wiki ya tatu.

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na hali zinazojirudia kwa watu wengi wenye miili mikubwa. Si habari ya mtu mmoja anayeweza kutafutwa. Tunakichambua kipande kwa kipande kwa sababu maelezo ya haraka, kwamba "alikosa nia", hayana ukweli. Mtu asiye na nia haamki saa kumi na moja alfajiri siku kumi na nane mfululizo.

Mara mbili za mwanzo

Mara ya kwanza alijiunga na jimu. Siku hiyohiyo alipandishwa kwenye mashine ya kukimbilia, na hakuna aliyesoma kibao kinachoonyesha uzito ambao mashine inaweza kubeba. Mkanda ukawa unakwama kila anapokanyaga. Akaambiwa ashuke, watu wakitazama. Alirudi mara nne tu. Kosa hapa ni la mkufunzi, na ni kosa la kusoma: kila mashine, benchi na baiskeli ya mazoezi ina kikomo chake, mara nyingi kimeandikwa kwenye kibao karibu na waya wa umeme au kwenye kijitabu chake. Swali hilo huulizwa kwa simu kabla mteja hajavaa viatu.

Mara ya pili ilikuwa darasa la kucheza muziki. Alipenda muziki, alipenda wenzake. Lakini kila waliporuka, mkojo ulimtoka. Hakumwambia mtu; aliaga kwa kusingizia kazi zimembana. Jambo hili ni la kawaida kuliko watu wanavyokiri. Uzito wa tumbo hukandamiza kibofu muda wote, misuli ya sakafu ya nyonga imechoka, pengine ilishatanuka kwa uzazi, na kuruka huongeza shinikizo kwa ghafla. Dawa yake ya kwanza ni zoezi: bana kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, vuta juu, shikilia sekunde chache, legeza kabisa. Mibano isiyopungua 8, mara tatu kwa siku, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Usijizoeze ukiwa unakojoa. Wakati huohuo acha kuruka, na kabla ya kunyanyua kitu au kuinuka kwenye kiti, bana kwanza ndipo uinuke. Ikiwa miezi mitatu imepita na hali ni ileile, muone mtaalamu wa tiba ya viungo anayeshughulika na nyonga.

Siku 19 za jaribio la tatu

Ratiba aliyoinakili kwenye simu ilisema: tembea haraka dakika 40 kila siku, skwoti 50 za kuruka, pushapu 20, jipime uzito kila asubuhi. Siku 30 bila kupumzika.

Siku ya 1 alimaliza dakika zake 40, kilomita 3.2. Skwoti aliishia ya 14, na pushapu hakuweza hata moja. Siku ya 2 na ya 3 mapaja yaliuma kiasi cha kushindwa kukaa chooni bila kushika ukuta. Siku ya 6 ngozi ya ndani ya mapaja ilichubuka. Siku ya 9 goti lilivimba jioni. Siku ya 12 aliamka, akakanyaga sakafu, kisigino cha kulia kikamchoma kama msumari. Siku ya 14 mizani ilisoma kilo 128.9. Siku ya 16 kijana mmoja barabarani alimpigia kelele: "Bonge, ukianguka nani atakuinua?" Siku ya 17 na ya 18 alitembea dakika 15, gizani, ili asionekane. Siku ya 19 kengele ya simu ililia, akaizima, akalala.

Alipoulizwa baadaye kwa nini aliacha, hakutaja goti wala kisigino wala mapaja. Alisema: "Mimi si mtu wa mazoezi."

Hesabu ya mzigo

Kabla ya siku ya 1, simu yake ilikuwa ikihesabu hatua kama 2,500 kwa siku. Kilomita 3.2 kwa mwendo wake ni hatua 5,000 nyingine. Kwa maneno mengine, miguu iliyozoea 2,500 ilidaiwa 7,500 kuanzia kesho yake, na kesho yake tena, bila siku ya kupumzika hata moja.

Tena hatua yake si sawa na hatua ya mtu mwembamba. Unapotembea, goti hupokea mzigo wa takriban mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kilo 140 hadi 210 kwa hatua. Kwake ni kilo 256 hadi 384. Mwili wake umezoea sehemu ya mzigo huo, na hili watu husahau: mtu mnene hubeba uzito saa zote, na misuli yake ya paja na kigimbi mara nyingi ina nguvu kuliko ya mwembamba anayekaa kazi hiyohiyo. Kilichomshinda ni kuongezeka kwa ghafla. Misuli na moyo hubadilika ndani ya wiki chache. Kano na utando wa wayo hubadilika polepole zaidi. Ndiyo sababu pumzi yake ilianza kuwa nzuri wiki ya pili wakati kisigino kinaharibika. Alidhani anaendelea vizuri kwa kuwa anahema kidogo.

Maumivu ya siku ya 2 na ya 3 yalikuwa ya kawaida. Maumivu ya misuli iliyofanya kazi mpya hufika kilele kati ya saa 24 na 72, kisha huondoka yenyewe. Tatizo ni kwamba alirudia kazi ileile kabla hayajaondoka, kwa hiyo siku ya 4 alikuwa anachechemea, na mtu anayechechemea huhamishia mzigo mahali pengine. Goti la siku ya 9 lilianzia hapo.

Halafu kuna neno "haraka". Ratiba ilimaanisha kilomita 5 kwa saa, mwendo ambao vitabu huuita wa wastani. Kwa mhusika, kilomita 4.8 kwa saa ilimfanya ashindwe kumaliza sentensi moja. Kwa kipimo cha juhudi cha 0 hadi 10, kinachotokana na kazi ya Msweden Gunnar Borg, alikuwa kwenye 8. Aliambiwa atembee, mwili wake ukakimbia. Kipimo kinachofaa ni mazungumzo: ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko mahali pa wastani. Mapigo ya moyo ni kipimo cha pili, na kina mtego. Kanuni ya 220 kutoa umri hukosea kwa mapigo kumi na zaidi kwa watu wengi, na anayetumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo kama atenolol mapigo yake hayapandi kama ya wengine hata akijitahidi vipi. Kwake mazungumzo yanatosha.

Ngozi

Tungependa kuikalia ngozi kidogo, kwa sababu huwaondoa watu wengi mazoezini na hakuna anayeitaja.

Mapaja yanayogusana husuguana maelfu ya mara katika matembezi ya dakika 40. Jasho hulainisha ngozi kwanza, kisha likikauka huacha chumvi, na chumvi ni kama mchanga. Chini ya matiti na kwenye mkunjo wa tumbo tatizo ni unyevu: ngozi mbili zilizobanana hazipati hewa, hulowa, hupasuka, na fangasi huja. Dalili ya fangasi ni wekundu au weusi unaong'aa, wenye vijipele pembezoni, unaowasha na kunuka.

Utaratibu aliopewa baadaye ni huu. Kaptura ndefu ya kubana, inayofika karibu na goti, ya kitambaa laini kisichonyonya maji, mshono wake usipite katikati ya paja kwa ndani. Asiyetaka kaptura apake mafuta ya mgando mapajani, kiasi cha kijiko cha chai kwa kila upande, kabla ya kutoka. Kupaka baada ya kuchubuka ni kuchelewa. Akirudi, aoge mara moja, akaushe mikunjo kwa kugandamiza taulo bila kusugua, kisha aiache wazi dakika kumi kabla ya kuvaa. Kwenye mkunjo wa tumbo kitambaa chembamba cha pamba huwekwa na kubadilishwa kikilowa. Poda ya wanga kwenye mkunjo uliokwisha kupata fangasi tunaikataa: hugeuka uji na kubaki hapo. Hapo inahitajika krimu ya fangasi yenye clotrimazole, na isipopungua baada ya wiki mbili, aende akaangaliwe, maana fangasi inayorudi kila mara huweza kuwa dalili ya sukari.

Sidiria nayo. Tegemeo lake liko kwenye mkanda unaozunguka kifua. Mikanda ya mabegani husaidia tu. Vidole viwili vipite chini ya mkanda, si ngumi. Ukiinua mikono na mkanda ukapanda mgongoni, ni mkubwa.

Mizani iliyomdanganya

Dakika 40 za mwendo ule, kwa uzito wake, hutumia kama kilokalori 300. Toa zile ambazo angetumia akiwa amekaa tu, zinabaki kama 210. Mara siku 13 ni takriban 2,700. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni karibu kilokalori 7,700. Kwa hiyo, kama hakubadili chakula hata kidogo, alichoweza kupunguza kufikia asubuhi ya siku ya 14 ni chini ya nusu kilo.

Upande wa pili, misuli inayojitengeneza baada ya kazi nzito hushika maji. Hedhi hushikisha maji. Chakula cha chumvi cha jana hushikisha maji. Mabadiliko ya kilo moja au mbili ndani ya siku mbili si mafuta. Mafuta hayo kidogo yaliyopungua yalizama ndani ya maji yaliyoongezeka, na mizani ikampa habari ya 0.9 juu. Kipimo hakikuharibika. Kilikuwa kinapima kitu kingine.

Kuukubali mwili, kwa maana ya kazi

Neno hili limechakaa kwa kusemwa vibaya pande zote mbili. Kuna wanaodhani ni kukata tamaa, na kuna wanaodhani ni kujisifu mbele ya kioo. Kama hoja ya hadharani lina umri wake: nchini Marekani chama cha kutetea haki za watu wanene, NAAFA, kilianzishwa mwaka 1969, na madai yake yalikuwa ya heshima kazini, hospitalini na mitaani.

Katika kisa hiki tunalitumia kwa maana finyu zaidi. Kuukubali mwili ni kupanga kazi ya leo kwa mwili ulioamka nao leo. Ratiba aliyoinakili iliandikwa kwa mwili ambao hana, na kila alipoikosa aliuadhibu ule alionao. Ukikubali kwamba mzunguko wa mkono wako ni sentimita 41, unaomba mkanda mkubwa wa kupimia presha. Ukikubali kwamba mapaja yanagusana, unanunua kaptura. Ukikubali kwamba tumbo liko mbele, unatanua miguu unapokaa na kuinuka. Aibu hufunga milango hiyo yote, kwa sababu kuuliza swali ni kukiri.

Pia kuna ushahidi kwamba mazoezi hufanya kazi hata mizani isiposogea. Kundi la mtafiti Steven Blair katika taasisi ya Cooper Institute mjini Dallas lilichapisha mwaka 1999 matokeo yaliyoonyesha kwamba wanaume wanene wenye pumzi nzuri walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko wembamba wasio na pumzi. Presha hushuka, misuli hutumia sukari vizuri zaidi kwa siku moja au mbili baada ya kila zoezi, usingizi hutulia. Hata BMI yenyewe (uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe), ambayo kwake ni 48, ilitokana na hesabu za Mbelgiji Adolphe Quetelet za miaka ya 1830, aliyekuwa akichunguza makundi ya watu. Si yeye wa kutabiri kama wewe utapanda ngazi.

Hatutaki kudanganya lakini. Uzito unalitwisha goti, unachangia kukatika kwa pumzi usingizini, unaongeza hatari ya kisukari. Anayetaka kuupunguza ana haki hiyo, na daktari ana njia zake. Tunachokataa ni kuufanya uzito kuwa sharti la kuanza, au alama pekee ya kujua kama umefaulu.

Kabla ya kuanza tena

Presha yake ilikuwa imeandikwa 148/92. Ilipimwa kwa mkanda wa kawaida, unaofaa mikono ya sentimita 27 hadi 34. Mkanda mdogo kwenye mkono mkubwa husoma juu kuliko hali halisi. Kwa mkanda wa sentimita 35 hadi 44 alisoma 138/86, akiwa amekaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo. Dawa haikuguswa.

Maswali mengine yaliulizwa na kujibiwa: kifua hakibani akitembea, hajawahi kuzimia, hakoromi kwa kukatika pumzi, miguu inahisi vizuri. Angekuwa anatumia insulini au glibenclamide, angepima sukari kabla ya kila zoezi, na ikiwa chini ya 5 mmol/L angekula kwanza kitu cha wanga. Mambo ya kusimamisha zoezi papo hapo yaliandikwa kwenye karatasi: kifua kubana au kuuma kuelekea taya au mkono, kizunguzungu, moyo kupiga ovyo, kigimbi kimoja kuvimba na kuuma.

Viatu vilinunuliwa jioni. Amlodipine huwavimbisha baadhi ya watu vifundo vya miguu, naye ni mmoja wao. Kiatu kinachomtosha asubuhi kinambana saa kumi. Nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, upana wa kutosha pembeni, soli isiyopindika katikati ukiikunja. Viatu vyake vya zamani vilikuwa laini kama godoro, na ndilo alilosifia alipovinunua. Soli laini mno chini ya uzito mkubwa hulala upande mmoja ndani ya wiki chache.

Wiki 12

Wiki ya kwanza ilimchekesha. Dakika 6 asubuhi, dakika 6 jioni, siku tatu kwa wiki, mwendo wa kuongea, juhudi 3 hadi 4. Jumla dakika 36. "Kweli dada, hizo tu?" alimuuliza mkufunzi wake wa jaribio hili la nne, na jibu lilikuwa ndiyo, hizo tu, na ukimaliza ukiwa na hamu ya kuongeza ndivyo inavyotakiwa. Miongozo ya WHO ya mwaka 2020 inataka dakika 150 hadi 300 za juhudi ya wastani kwa wiki, lakini ndiyo hiyohiyo iliyoondoa sharti la zamani la angalau dakika kumi mfululizo. Dakika 6 zinahesabiwa.

Siku mbili nyingine zilikuwa za nguvu, mienendo minne, raundi mbili kila mmoja, mapumziko sekunde 90.

Kukaa na kuinuka, mara 6. Kiti kigumu cha miguu minne kimeegemezwa ukutani. Kiti cha plastiki hapana, miguu yake hutanuka kwenye sakafu laini na kumwangusha mtu. Kiti kilikuwa na sentimita 44, kikaongezwa mto mgumu wa sentimita 8. Miguu itanuke kuliko mabega, vidole vitazame nje kidogo ili tumbo lipate pa kupita kati ya mapaja. Anayebana miguu hulazimika kujirusha ili ainuke. Toa pumzi unapoinuka. Shuka kwa kuhesabu mpaka tatu. Hatua ya kuongeza ugumu ni kupunguza mto sentimita 2 au 3. Idadi huongezwa baadaye.

Pushapu ya ukutani, mara 8, miguu sentimita 60 kutoka ukutani. Kuvuta mkanda wa mpira kuelekea kifuani, mara 10. Kuinua visigino ukiwa umeshika meza, mara 8, kushuka polepole; hili la mwisho ndilo lililokuwa la muhimu kuliko yote kwa kisigino chake, pamoja na kunyoosha kigimbi dhidi ya ukuta sekunde 30 mara tatu, na kutokanyaga sakafu ngumu pekupeku anapoamka. Ndara ziliwekwa kando ya kitanda.

Hakuna zoezi la kulala chali wala la kuinama sana katika wiki tano za mwanzo. Ukiinama, tumbo husukuma kiwambo, msuli wa pumzi ulio kati ya kifua na tumbo, juu na pumzi hukata. Wengi hudhani ni moyo. Kushuka sakafuni na kuinuka vilifundishwa wiki ya 6 kama zoezi lenyewe: geuka ubavu, sukuma kwa mikono mpaka magoti na viganja viwe chini, mikono juu ya kiti, mguu wenye nguvu mbele, bana nyonga, inuka. Mara tatu tu kwa siku. Kuogopa kuanguka ni sababu ya kweli ya kutotoka nje, na mtu anayejua ataamkaje haogopi sana.

Wiki ya 3 iliharibika. Dakika zilikuwa 8 mara mbili, na yeye, kwa kujisikia vizuri, alibadili njia, akachukua yenye mteremko mrefu wa kurudia nyumbani. Kesho yake maumivu ya goti yalikuwa 6 kati ya 10. Sheria waliyokuwa nayo ni hii: maumivu hadi 3 yanaruhusiwa wakati wa zoezi, mradi saa 24 baadaye goti limerudi lilivyokuwa. Halikurudi. Wiki ya 4 alirudishwa kwenye kiwango cha wiki ya 2, dakika 7, njia tambarare. Kushuka mteremko hulipatia goti kazi ya kufunga breki kila hatua. Kupanda taratibu kunalionea huruma zaidi huku moyo ukifanya kazi. Kama una njia ya kupanda na lifti ya kushukia, hiyo ni njia nzuri kuliko uwanja. Kuanzia hapo nyongeza ilikuwa dakika moja kwa kila tembezi kwa wiki, isiyo zaidi, na wiki ya 8 ilipunguzwa kwa makusudi.

Bwawa lingefaa pia. Maji yakifika kiunoni, miguu hubeba karibu nusu ya uzito. Yakifika kifuani, karibu theluthi moja. Alikataa kwa sababu ya vazi la kuogelea. Hakusukumwa.

Macho ya watu

Kijana wa siku ya 16 hawezi kuondolewa kwenye ratiba, hivyo alipangiwa. Wiki mbili za kwanza matembezi yalifanyika ndani, ukumbini na koridoni, kuzoeza miguu bila hadhira. Kuanzia wiki ya 3 nje, asubuhi, na mwenzake mmoja anayetembea kwa mwendo wake yeye. Mwenzako anayekutangulia hatua tano ni mbaya kuliko kutokuwa na mwenzako. Gizani hapana: si salama, na inamfundisha mtu kujificha. Jibu la kelele lilichaguliwa mapema ili asitunge akiwa na hasira. Alichagua kutojibu na kuhesabu hatua 20 kwa sauti ya chini. Kelele zilikuja mara mbili katika wiki 12.

Kuna upande mwingine ambao wakufunzi hawauoni. Kumpigia makofi mtu mzima kwa kuinuka kwenye kiti mara sita, "hongera sana mama, umeweza!", humwambia kwamba ulitarajia ashindwe. Rekebisha nafasi ya miguu yake kama ambavyo ungemrekebisha mwingine yeyote.

Namba za wiki ya 12

Walipima vitu vinne mwanzo na mwisho. Kukaa na kuinuka kwa sekunde 30 bila kutumia mikono, kiti cha sentimita 44 bila mto: kutoka 7 hadi 11. Umbali wa dakika sita: kutoka mita 365 hadi 430. Goti kwenye ngazi: kutoka 6 hadi 3 kupanda, ila kushuka bado 4, na anashika reli. Presha kwa mkanda uleule mkubwa: 132/84, dawa ileile. Kisigino kilikuwa bado kinagusia asubuhi mbili kati ya saba.

Mizani alitaka iwepo, na ni haki yake. Walikubaliana mara moja kwa wiki nne, siku ileile ya mzunguko wa hedhi. Ilisoma 126.7.

Dakika za kutembea zilifika 88 kwa wiki, siku nne za dakika 11 mara mbili, bado mbali na 150. Wiki ya 13 imeandikwa hivi: siku nne za kutembea, dakika 12 mara mbili, mto umeondolewa kwenye kiti, kibao cha kupandia cha sentimita 10 mara 5 kwa kila mguu, mguu wa kulia kwanza. Ameandika kwa kalamu pembeni aulize kuhusu bwawa.